Koti Nililokataa Litundikwe

Lilikuwa koti la kahawia lililochakaa viwiko, na shemeji yangu alikuja nalo mkononi ingawa jua la siku ile lilikuwa kali. Alifuatana na wazee watatu wa ukoo, na mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa letu. Waliketi kwenye viti chini ya mwembe, mimi nikaketi kwenye mkeka. Wakazungumza nami kwa upole kabisa. Walisema wanajua mimi ni mtu wa kanisani, hawatanilazimisha kurithiwa kwa namna ya zamani. Wanachoomba ni hilo koti tu. Litundikwe ukutani ndani ya nyumba yangu usiku mmoja, asubuhi mwenyewe aje alichukue, na ukoo utahesabu kwamba mila imetimia.

"Hakuna atakayekugusa," mzee wa kanisa akasema. "Dhambi iko wapi hapo, mwanangu?"

Ilikuwa Agosti 2009. Mume wangu alikuwa amefia ziwani mwezi wa Aprili, usiku wa giza, wakivua dagaa kwa karabai. Dhoruba iliupindua mtumbwi. Wenzake wawili waliogelea hadi nchi kavu, yeye tulimpata siku ya tatu. Aliniacha na watoto wanne, mkubwa ana miaka kumi na minne, mdogo hajatimiza minne.

Kwa msomaji asiyetoka kwetu Rorya, mkoani Mara, inabidi nieleze kidogo. Kwetu Wajaluo, mwanamume akifa mkewe haachi kuwa mke wa boma lile. Huitwa chi liel, yaani mke wa kaburi. Mila inadai ndugu wa marehemu amrithi, na huyo huitwa jater. Kabla ya hapo mjane hatakiwi kuingia nyumba za watu, hatakiwi kupanda shamba kama wengine, na nyumba yake ikivuja haiezekwi. Akivunja miiko hiyo, huogopwa chira, ile laana inayomkondesha mtu mpaka afe, na watu huamini kwamba inaweza kumwacha mkosaji mwenyewe ikamshika mtoto wake.

Nisingependa mtu asome hapa akadhani nawadharau wakwe zangu. Mila hii ilikuwa na kazi yake. Mjane asigeuke ombaomba, watoto wa marehemu wasitawanyike, shamba lisiuzwe kwa wageni. Nimewaona wajane wa mjini ambao hawana wa kuwarithi wala wa kuwauliza kama wamekula. Ukoo uliokuja na koti ulikuja kwa sababu ulinihesabu kuwa wao. Ndiyo maana ilikuwa vigumu. Mtu akija na rungu, kukataa kunakuja kwenyewe. Hawa walikuja wakiwa na macho mekundu kwa kumlilia mtu yule yule niliyekuwa namlilia mimi.

Niliomba siku saba. Wakanipa.

Mimi nililelewa na mama yake baba, dani wetu, ambaye alikuwa hana meno sita ya chini, kwa kuwa yaling'olewa ujanani kama ilivyokuwa desturi ya Wajaluo. Alikuwa msichana mdogo wamishenari wa Mennonite walipofika Shirati mwaka 1934. Uamsho ulipofika huko mwaka 1942 akaokoka, na mpaka anakufa alikuwa akisimulia jinsi watu walivyosimama mbele ya wenzao wakataja dhambi zao kwa majina. Kilichomshangaza zaidi ni kwamba Wazungu nao walisimama wakatubu kiburi chao mbele ya Waafrika. Dani hakujua kusoma vizuri. Ila alikuwa na usemi mmoja aliotuambia tukiwa tunamenya mihogo: ukimficha Yesu sebuleni, usimtafute chumbani. Tulipokuwa wadogo tulicheka. Nyumba yenyewe ilikuwa chumba kimoja.

Katika darasa la katekumeni tulifundishwa habari za watu wa zamani wa kanisa letu la Mennonite, wale waliobatizana Zürich, Uswisi, mwezi wa Januari 1525 wakiwa watu wazima, wakawindwa kwa sababu hiyo. Habari iliyonibaki ni ya Dirk Willems wa Uholanzi. Alitoroka gerezani wakati wa baridi, akakimbia juu ya bwawa lililoganda. Aliyekuwa anamfukuza akavunja barafu akazama. Dirk alirudi akamvuta nje, kisha akakamatwa, na mwaka 1569 akachomwa moto. Mwalimu alihangaika sana kutueleza watoto wa ziwani kwamba kuna maji mtu anaweza kuyakanyaga. Mwishowe alitupeleka mwaloni, akatuonyesha vipande vya barafu vya kuhifadhia sangara, akasema fikirini ziwa zima liwe hivi. Nilielewa barafu. Kurudi kumvuta adui sikukuelewa, nilidhani ni upumbavu.

Nayataja haya kwa sababu kabla ya mwaka 2009 sikuwahi kufikiri kwamba kutetea imani kunanihusu. Niliona ni kazi ya wanaume wenye vipaza sauti. Nilipokuwa msichana nikiishi kwa shangazi Musoma mjini, niliwahi kusimama kwenye mihadhara, wahubiri wa Kikristo na wa Kiislamu wakirushiana aya, watu wakishangilia kama mpirani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimekariri hoja tano za Utatu. Sikumweleza mtu hata moja. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Sasa niliulizwa, na koti lilikuwa limelazwa juu ya kiti.

Siku ya pili ya zile siku saba alikuja rafiki yangu tuliyeimba naye kwaya. Alikuwa na njia ya mkato. "Waambie una virusi," akasema. "Hakuna jater atakayekusogelea, na hakuna atakayekulaumu." Nakiri niliifikiria usiku mzima. Miaka ile UKIMWI ulikuwa umemaliza maboma mengi kwetu, na kurithi wajane kulikuwa mojawapo ya milango iliyoupitisha, kila mtu alilijua hilo. Uongo ule ungeaminika. Ungenikomboa kabisa kwa koti na kwa mwenye koti. Lakini kila nilipojaribu kuupanga maneno, niliona ningekuwa nimeokoa mwili wangu kwa kumficha Yule niliyesema namtegemea. Wangeniacha kwa kuogopa ugonjwa, na wasingejua kamwe kwamba kuna mtu mwingine ninayemwogopa kuliko chira. Na watoto wangu wangekua wakiitwa watoto wa mgonjwa.

Siku ya nne nilikwenda kwa mchungaji. Nilitaka aniambie moja kwa moja kama koti ni dhambi au si dhambi. Hakuniambia. Alinisimulia habari za Polikarpo, askofu mzee wa Smirna, katika karne ya pili. Askari waliomkamata hawakuwa wakatili kwake. Walimsihi: kuna ubaya gani kusema tu "Kaisari ni Bwana" na kutupia ubani kidogo, upate kuishi? Mbele ya liwali, alipoambiwa amtukane Kristo, Polikarpo akajibu kwamba amemtumikia miaka themanini na sita, wala hakumtendea ubaya wowote, atawezaje kumtukana Mfalme wake aliyemwokoa. Kisha mchungaji akaniuliza: "Hilo koti likitundikwa, litakuwa linasema nini?"

Nilikaa na swali hilo njia nzima ya kurudi. Koti lilikuwa na maneno, tena kila mtu kijijini aliyajua. Lilisema kwamba nyumba hii ilikuwa chini ya laana, na sasa laana imeondoka kwa sababu vazi la mwanamume limelala ndani. Kama ningelitundika nikasema moyoni "mimi siamini," moyo wangu ungekuwa unasema jambo moja na ukuta wangu unatangaza lingine, na majirani husoma ukuta.

Siku ya saba walirudi. Mwenye kujibu hoja kwa upande wao alikuwa shemeji mwenyewe, naye alikuwa amejiandaa. Alifungua Biblia, Kumbukumbu la Torati sura ya 25. Akasoma habari ya ndugu wanaokaa pamoja, mmoja akafa, na mke wake asiolewe na mgeni wa nje, bali ndugu wa mumewe amtwae. Akafunga kitabu. "Hii si mila ya Wajaluo," akasema. "Hii ni torati ya Musa. Na Ruthu je? Boazi hakumrithi?"

Nashukuru Mungu kwamba usiku uliotangulia nilikuwa nimezisoma sura hizo hizo kwa taa ya kibatari, kwa maana nilijua shemeji yangu ni mtu wa kusoma. Nilimwomba anisomee tena mstari wa tano, polepole. Sheria ile inamhusu ndugu aliyekufa bila mwana. "Mimi nina watoto wanne wa ndugu yako, watatu wanaume. Jina lake halijafutika, linachunga mbuzi hapo nyuma." Nikamwomba aendelee mpaka mstari wa saba hadi wa tisa. Pale anayeweza kukataa ni shemeji, na anayekwenda mlangoni kwa wazee kushitaki ni mjane. Yeye ndiye anayelindwa. Kwetu aliyeshitakiwa ni mimi. Na Ruthu alikwenda kwa Boazi mwenyewe, kwa mguu wake, hakuletewa koti. Kisha nikasoma Paulo katika 1 Wakorintho 7:39, kwamba mume akifariki, mke "yu huru kuolewa na mtu ye yote amtakaye, katika Bwana tu." Nikamwambia: "Shemeji, wewe una mke. Mke wako ni rafiki yangu. Bwana alisema wawili watakuwa mwili mmoja, hakusema watatu."

Wazee walinyamaza. Mmoja aliguna, nikaona ameuona uzito wake.

Nilikuwa nimeshinda, na nilijua nimeshinda, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliongeza neno. Nilimgeukia mzee wa kanisa nikamwambia mbele ya wenzake kwamba angalau shemeji anaisoma Biblia, yeye anaibeba tu kwapani. Mzee yule alikuwa na miaka kama sabini. Alinisimamia nilipobatizwa. Aliinuka akachukua fimbo yake akaondoka bila kuaga, na kikao kikavunjika.

Sijui ni mara ngapi nimesikia 1 Petro 3:15 ikisomwa kanisani. "Mwe tayari siku zote kumjibu kila mtu awaulizaye habari za tumaini lililo ndani yenu, lakini kwa upole na kwa hofu." Siku ile nilikuwa tayari. Upole uliniishia sentensi moja kabla ya mwisho, na sentensi hiyo moja ndiyo iliyozunguka kijijini. Hoja zangu za Kumbukumbu la Torati hazikuvuka mto. Lililovuka ni kwamba mjane wa fulani amemtukana mzee. Nilikwenda kwake kesho yake kuomba msamaha. Nilisimama uani, kwa kuwa sikupaswa kuingia, naye hakutoka. Niliusema msamaha wangu kwa sauti mbele ya mlango uliofungwa, nikarudi nyumbani.

Hapa niseme kitu kuhusu sheria ya nchi. Binamu yangu aliyeko Musoma alinitumia nakala ya Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 68, kinachosema kwamba mwanamke aliyefiwa na mumewe yuko huru kukaa atakapo, na kubaki bila mume au kuolewa na amtakaye, hata kama mila inasema vingine. Karatasi ilikuwa mkobani siku ile ya saba. Sikuitoa. Wangekuja kwa nguvu ningeitoa bila kuona aibu, maana hata Paulo alikata rufani kwa Kaisari. Namwambia kila mjane ajue kifungu hicho. Lakini shemeji aliniuliza kwa Biblia, na niliona ni haki yake ajibiwe kwa Biblia.

Baada ya hapo hakuna aliyenigombeza. Waliniacha tu.

Ni vigumu kumweleza mtu ambaye hajaachwa na boma lake. Mvua za vuli zikaja, plau ya ukoo ikazunguka mashamba yote ikaruka langu. Watoto wa shemeji wakaacha kuja kula kwangu. Mama mkwe, ambaye nilikuwa nikimchotea maji kila siku, sasa alizungumza nami akiwa nje chini ya mti, nami nje, na katikati yetu uwanja mzima. Kanisani watu walinisalimu "Bwana asifiwe" wakapitiliza haraka. Wengi wao waliniambia faraghani kwamba nimefanya vema. Faraghani. Nilianza kuwachukia hao kuliko wazee wa koti.

Nadhani ndiyo sehemu ambayo wahubiri wetu huiruka. Tunamwambia mtu asimame imara, awe kama Danieli, tunapiga makofi, tunakwenda nyumbani kulima mashamba yetu. Yuda aliliandikia kanisa kwamba waishindanie imani waliyokabidhiwa watakatifu mara moja tu. Waliokabidhiwa ni watakatifu, wengi. Imani haikukabidhiwa kwa mjane mmoja wa Rorya aibebe peke yake huku wengine wakimwangalia kama ataanguka.

Mwezi wa pili mwaka 2010, nikiwa nalima peke yangu na mwanangu mkubwa kwa jembe la mkono, nilisikia watu wanakuja njiani alfajiri wakizungumza kwa sauti ya chini. Alikuwa mke wa mchungaji na wanawake kumi wa kanisa, kila mmoja na jembe lake. Hawakuimba, hawakuhubiri. Mke wa mchungaji alipima mistari kwa macho, akavua kandambili, akaanza. Walilima siku tatu. Mmoja wao mumewe alikuwa na hofu kubwa ya chira, na kila jioni alipita mtoni kuoga na kufua nguo kabla ya kurudi kwake, lakini alfajiri alikuwepo. Yule mama namheshimu kuliko wote. Wengine waliamini hakuna laana. Yeye hakuwa na hakika, akaja.

Kama ukiniuliza ni nani aliyeitetea imani ya Kikristo katika kijiji chetu mwaka ule, nitakuonyesha lile shamba. Wazee waliona mbegu zimeingia ardhini kwa mjane asiyerithiwa, na mikono kumi na moja imeshiriki. Hoja hiyo hawakuwa na mstari wa kuijibu.

Kisha mwanangu mdogo akaugua.

Ilikuwa Juni mwaka huo huo, kabla mihogo haijakomaa. Homa ilianza Jumapili, na kufikia Alhamisi mtoto hashiki uji, amekonda, shingo imekuwa kama bua. Zahanati ilikuwa imempa dawa za malaria hazikumsaidia. Nilikuwa nimepanga kumpeleka hospitali asubuhi kwa baiskeli. Usiku ule mama mkwe alikuja. Alisimama nje ya mlango, hakukanyaga kizingiti, akanyoosha mkono gizani na kibuyu kidogo ndani yake. Manyasi, dawa ya kuondoa chira.

"Nyathina," akasema, mwanangu. "Mimi nimeshamzika mmoja."

Akalia. Mimi nikakipokea kibuyu.

Nataka kuwa mkweli kuhusu usiku ule, maana nimeusikia ukisimuliwa na wengine kwa namna ya kunipamba. Hoja zangu zote zilikuwa zimekwenda. Kumbukumbu la Torati haikunisaidia chochote, wala Polikarpo, ambaye alikuwa anatoa maisha yake mwenyewe na si ya mtoto wa miaka mitano. Nilikuwa nimeketi na kibuyu mapajani, mtoto anapumua kama mwenye kukimbia, na nilikuwa naamini chira. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Kwa muda wa saa moja hivi niliamini kwamba nimemuua mwanangu kwa kiburi.

Swali lilikuwa limekuja tena, na safari hii hakukuwa na wazee. Nililiuliza mimi. Una tumaini gani? Niliyatafuta maneno ya kujijibu nikapata yale tu yaliyoandikwa kwa rangi ya bluu kwenye ukuta wa kanisa nililobatiziwa, yale ambayo Menno Simons, ambaye kanisa letu lina jina lake, aliyapenda na Wamennonite huyarudia mpaka leo: "Maana msingi mwingine hakuna mtu awezaye kuuweka, isipokuwa ni ule uliokwisha kuwekwa, yaani, Yesu Kristo." Utotoni nilikuwa nikiyasoma kwa kuyahesabu herufi wakati mahubiri yamekuwa marefu. Usiku ule niliyasema kwa sauti. Nikasema na lile la Wagalatia, kwamba Kristo alifanywa laana kwa ajili yetu. Kama alifanywa laana, basi ya kwangu ilikwisha kulipwa, hata hii, hata kama ipo. Na wale vijana watatu wa Babeli hawakusema tu kwamba Mungu wao atawaokoa. Walisema: "Bali kama si hivyo." Sikuweza kulisema hilo la mwisho mpaka karibu alfajiri. Nililisema nikiwa nalia, na sina hakika kama nililimaanisha lote.

Kulipopambazuka nilikibeba kibuyu kikiwa kimejaa nikakirudisha kwa mama mkwe kwa mikono miwili, nikapiga magoti. Sikukimwaga, sikukivunja, ingawa baadaye dada mmoja alinilaumu kwa hilo. Nilimwambia, "Mama, najua umekileta kwa upendo. Siwezi kumnywesha. Twende wote hospitali." Alinitazama kwa muda mrefu. Akaingia ndani kuchukua kanga yake.

Ilikuwa homa ya matumbo. Tulikaa wodini siku tisa, mama mkwe na mimi, tukilala kwa zamu chini ya kitanda kimoja. Wodi haikuwa nyumba yangu wala yake, hapakuwa na kizingiti. Mtoto akapona. Watu kanisani walilitumia jambo hili kama ushuhuda kwamba chira imeshindwa, nami nikawaomba waache. Jirani yangu wa kitanda cha pili, mama wa maombi kuliko mimi, mtoto wake alikufa siku ya sita. Kama kupona ndicho kithibitisho cha imani yangu, basi kwake kingekuwa nini? Nilishukuru na ninashukuru hata sasa. Lakini nilikuwa nimeshajibu kabla ya kupona, na nataka jibu libaki pale lilipotolewa.

Katika siku zile tisa mama mkwe aliniuliza maswali. Mengi yalikuwa madogo: kama mume wangu ataniona mbinguni nimeolewa au sijaolewa, kama Yesu anawajua watu waliokufa kabla ya Wazungu kuja. Nilimjibu niliyoyajua na mengine nikamwambia sijui. Hakuokoka wodini, na sitaipamba habari. Ila aliporudi nyumbani alivuka kizingiti changu, akaketi kwenye kigoda, akaomba chai.

Nyumba iliendelea kuvuja mpaka 2012. Fundi wa kwanza niliyemwita alikataa. Wa pili alikubali akarudisha malipo ya awali jioni yake. Mwishowe vijana wa kanisa walijichangia mabati ishirini na manne ya geji 30, wakapanda wenyewe juu, na mchungaji akashika ngazi. Asubuhi ya siku ile mjukuu wa yule mzee niliyemtukana alikuja na mfuko wa rambo. Ndani kulikuwa na kilo mbili za misumari ya mabati. "Babu amesema ni ya kazi," mtoto akasema, akakimbia. Nilikwenda kumshukuru jioni. Mlango ulikuwa wazi, na mzee alikuwa ameketi akinisubiri, kiti cha pili kimewekwa kando yake.

Shemeji yangu hakubadilika katika msimamo wake. Bado anaona nilivunja boma, nami bado naona sikulivunja. Tunaheshimiana. Mwaka nyavu zake zilipoibiwa nilimkopesha fedha za dagaa bila riba, na wakati nazihesabu nilimkumbuka Dirk Willems na lile bwawa lake, nikaelewa kidogo kwa nini alirudi. Aliyekuwa anazama alikuwa jirani yake. Lile koti shemeji hulivaa mpaka leo asubuhi za baridi.

Mwaka jana alikuja kwangu mjane kijana kutoka kijiji cha pili, amefiwa miezi miwili, ana mtoto mgongoni na mwingine tumboni. Alikuwa amesikia habari zangu. Alikuwa na daftari na kalamu, akaniomba nimtajie mistari yote niliyowajibu nayo wazee, aiandike, kwa kuwa kikao chake ni Jumamosi. Nilimwambia nitamtajia yote, na nitakaa naye mpaka aielewe, na nitamwambia pia neno lipi asiliseme. Kisha nikamwuliza shamba lake ni la ekari ngapi, na kama limeshalimwa.

Akasema halijaguswa. Nikamtuma mwanangu kwa mke wa mchungaji, na mimi nikaingia ndani kutafuta jembe.